Osamu Tezuka: Daktari Aliyechagua Kalamu

Mgeni wa anime, yaani filamu za katuni za Kijapani, hakosi maswali mawili. Eti kwa nini macho ni makubwa vile? Na mbona mdomo unacheza ilhali mwili umeganda kama sanamu? Sehemu kubwa ya jibu imo katika maisha ya Osamu Tezuka.

Bwana huyu alizaliwa tarehe 3 Novemba, 1928, mjini Toyonaka karibu na Osaka, Japani. Shuleni wenzake walimcheka kwa nywele zake za mawimbi. Alipoanza kuchora katuni, kumbe wale wale wakawa marafiki! Nyumbani, baba yake alikuwa na mashine ya sinema, akawaonyesha watoto katuni za Walt Disney kutoka Marekani. Macho makubwa ya katuni hizo yakamwingia moyoni.

Mwaka wa 1945, Osaka iliponyeshewa mabomu, Tezuka alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha silaha. Aliponea chupuchupu. Mwaka huo huo aliingia Chuo Kikuu cha Osaka kusomea udaktari. Alihitimu, lakini mama yake alikwisha kumshauri afuate kazi aliyoipenda zaidi. Basi akashika kalamu.

Mwaka wa 1952 alianza kuchora hadithi ya Atom, mvulana roboti. Tarehe 1 Januari, 1963, Atom akaingia kwenye televisheni, kipindi cha nusu saa kila wiki. Si mchezo! Sinema hupitisha picha 24 kwa kila sekunde, na Tezuka hakuwa na pesa wala wachoraji wa kutosha. Afanyeje? Mchoro mmoja ukapigwa picha mara tatu, mwili ukaachwa umetulia, mdomo pekee ukachezeshwa. Michoro ikawekwa akiba itumike tena. Ukata ukazaa mtindo, na watoto wakaupenda. Mwaka wa 1965 akaleta kwa rangi kisa cha simba mweupe wa Afrika.

Hata hivyo, hakuna kizuri kisicho na ila. Tezuka aliviuza vipindi vya Atom kwa bei iliyo chini ya gharama. Kampuni yake, Mushi, ilifilisika mwaka wa 1973, na wapo wanaomlaumu kwa malipo duni ya wachoraji waliokuja baadaye.

Alifariki tarehe 9 Februari, 1989, akiwa na umri wa miaka 60, kwa saratani ya tumbo. Hata hospitalini alikuwa akichora. Aliacha kurasa zipatazo 150,000.

Wanafunzi wenzangu, penye nia pana njia. Tusingoje vifaa vyote vitimie ndipo tuanze kazi. Lakini tukumbuke pia kwamba jasho la mtu lina bei yake. Atakayeliuza kwa bei ya kutupa, wenzake nao watalipia.