Maisha ya Bwana Charles Bliss

Mdogo wangu ana miaka sita na hawezi kusema, ingawa akili yake ni nzima. Kwa sababu hiyo nimependa kuwasimulia habari za Bwana Charles Bliss, ambaye kazi yake imetufaa nyumbani kwetu.

Alizaliwa mwaka 1897 katika mji wa Czernowitz, uliokuwa siku hizo katika dola ya Austria na Hungaria. Mjini humo walikaa watu wa lugha nyingi waliochukiana, naye tangu utotoni aliona jinsi maneno yanavyogombanisha watu. Alisomea kemia mjini Vienna. Mwaka 1938 Wanazi walimfunga Dachau, kisha Buchenwald, kwa kuwa alikuwa Myahudi. Mkewe, Bibi Claire, alihangaika mpaka akafunguliwa mwaka 1939. Baadaye walikutana tena Shanghai, nchini China. Huko alivutiwa na maandishi ya Kichina, akaazimia kubuni alama za picha ambazo mataifa yote yangeweza kuzisoma. Mwaka 1946 alihamia Australia, na mwaka 1949 alitoa kitabu chake. Aliwaandikia wataalamu wengi, lakini hawakumjali.

Mwaka 1971 walimu wa kituo cha watoto walemavu mjini Toronto, Kanada, walitafuta njia ya kuwasaidia watoto wasioweza kusema, wakazikuta alama zake. Walizipanga ubaoni, kila alama pamoja na neno lake, na mtoto akaonyesha aliyoitaka. Kwa mfano, moyo ni alama ya hisia; ukiwa na mshale wa kwenda juu ni furaha, wa kwenda chini ni huzuni. Bwana Bliss alifurahi sana. Lakini baadaye aligombana na walimu hao, kwa maana waligeuza baadhi ya alama ili ziwafae watoto. Alifariki mwaka 1985.

Mimi naona kila upande ulikuwa na haki yake. Alama ikibadilika ovyo mtoto hupotea; lakini isipomfaa, ni ya nini?

Likizo iliyopita nilimchorea mdogo wangu ubao wa chakula, maji, choo na nyumba. Aliutazama tu. Nikaongeza ule moyo wa mshale wa chini, nikamweleza maana yake. Asubuhi nilipokuwa nikifunga sanduku langu nirudi shuleni, aliuwekea kidole.

Basi, wenzangu, mwenye ndugu kama wangu asimchoree mahitaji ya tumbo peke yake.