Martin Luther na Kinyozi Wake

Wengi wetu twamjua Martin Luther kwa mambo yake makubwa: zile hoja 95 za mwaka 1517, na kusimama kwake mbele ya Kaisari huko Worms mwaka 1521. Leo twapenda kueleza jambo lake lisilojulikana sana, jinsi alivyojifunza kuutuliza moyo na kulitafakari Neno la Mungu katikati ya kazi za kila siku.

Alizaliwa Eisleben, katika Ujerumani, tarehe 10 Novemba 1483. Mwaka 1505 aliingia nyumba ya watawa huko Erfurt. Huko sala zilikuwa na saa zake, naye alizishika kwa bidii. Baadaye, alipokuwa mwalimu Wittenberg, kazi zilimzidi, hata sala zikawa deni. Basi alijifungia chumbani asile, ili azilipe zote pamoja, mpaka mwili ukadhoofika na usingizi ukamkimbia. Midomo ilisema, lakini moyo haukupata raha. Hata alipofahamu ya kuwa neema ya Mungu hainunuliwi, aliutua mzigo ule.

Je, aliacha kuomba? La, ndipo alipoanza kuomba kweli. Mwaka 1535 alimwandikia rafiki yake, kinyozi Peter Beskendorf, kitabu kidogo cha kumfundisha kuomba. Alimshauri sala iwe kazi ya kwanza asubuhi na ya mwisho jioni, na kila wazo la kutaka kumaliza kwanza shughuli nyingine alifukuze. Achukue amri moja katika zile Kumi, aitafakari kwa njia nne: yamfundisha nini, amshukuru Mungu kwa lipi, aungame lipi, na aombe lipi. Tena Roho Mtakatifu akimgusa kwa wazo moja, anyamaze na kusikiliza.

Akamtolea mfano wa kazi yake mwenyewe. Kinyozi mwema huweka macho na akili yake katika wembe na ndevu. Akipiga porojo na kutazama huku na huku, atamkata mtu pua, au hata koo. Vivyo hivyo moyo uombao hauna budi kukaa mahali pamoja.

Lakini sikieni yaliyofuata. Mwaka ule ule, siku moja kabla ya Pasaka, Peter alikuwa mezani pamoja na jamaa zake. Mume wa binti yake, aliyekuwa askari, alijisifu ya kwamba hakuna silaha iwezayo kumwua. Peter akamchoma kisu, naye akafa. Rafiki zake walimwombea, asiuawe. Lakini alifukuzwa mjini, na mali yake ikapotea.

Basi, kitabu kile kilimfaa nini? Sisi twajibu: kuwa na kitabu siko kutafakari, wala sala ya jana si akiba ya leo. Mkono uliozoea kuzilinda shingo za watu ulisahau kwa dakika moja tu. Luther mwenyewe alilijua jambo hili. Mwaka 1539 aliandika ya kuwa mwanafunzi wa Neno hufanywa na mambo matatu: sala, kutafakari na majaribu. Alijifunza hayo mpaka alipofariki, Eisleben, tarehe 18 Februari 1546.

Enyi walimu wa vijiji, twawafundisha watoto kuzisema Amri Kumi bila kukosa. Ni vema, ila zisiishie ulimini. Kesho, kabla ya kushika jembe au chaki, na tuchukue amri moja tu, tuiulize maswali yale manne, kisha twende kazini nayo.