Nicholas Owen, Seremala wa Maficho

Tukiwataja mashahidi wa Uingereza, wengi wetu tunawakumbuka mapadre na maaskofu. Safari hii tumtazame fundi.

Nicholas Owen alizaliwa Oxford karibu mwaka 1562, mtoto wa seremala. Sheria ya mwaka 1585 ilimhesabu padre aliyepata daraja ng'ambo kuwa mhaini, na aliyempokea nyumbani angeweza kunyongwa. Familia za Kikatoliki za mashambani ziliwapokea hata hivyo, na ndipo Owen alipohitajika. Alimtumikia Padre Henry Garnet, mkuu wa Wajesuiti nchini humo, miaka kama 18. Alikuwa mfupi, mwenye ngiri, akichechemea baada ya kuangukiwa na farasi. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa akipasua kuta za mawe usiku, peke yake. Mchana alifanya useremala wa kawaida ili watumishi wasishuku.

Chukueni nyumba ya Baddesley Clinton, Warwickshire: ya mawe, imezungukwa na handaki la maji. Chini ya upande wake mmoja ulipita mfereji wa maji machafu. Mfereji huo uligeuzwa maficho, kazi inayoaminika kuwa ya Owen, watu wakiteremkia kwenye shimo la choo cha zamani. Oktoba 1591 wapekuzi walivamia alfajiri. Garnet, Robert Southwell na wenzao walisimama mle saa nne hivi, miguu majini, wasionekane. (Sisi tunaolalamikia mabweni yetu tusome hapo mara mbili.)

Wapekuzi nao walijifunza: walipima kuta ndani na nje, wakatafuta unene usioelezeka. Kwa hiyo Owen alikwepa kurudia mpango uleule.

Januari 1606, baada ya njama ya baruti, nyumba ya Hindlip ilizingirwa. Owen na mwenzake Ralph Ashley walijitokeza baada ya siku kama nne za njaa. Inasimuliwa kwamba walitaka wadhaniwe mapadre ili upekuzi ukome. Haukukoma, Garnet naye alikamatwa baadaye.

Katika Tower of London walimning'iniza kwa mikono, ngiri yake ikikazwa kwa bamba la chuma. Kichwani mwake kulikuwa na ramani ya nyumba nyingi, na maisha ya waliokuwamo. Hakusema. Alifia humo Machi 1606. Serikali ilidai alijiua, Wakatoliki hawakusadiki. Papa Paulo VI alimtangaza mtakatifu tarehe 25 Oktoba 1970.

Huko Harvington Hall, ficho moja linalohusishwa naye liligunduliwa mwishoni mwa karne ya 19.