Padre Damien wa Molokai

Huko Ulaya kuna nchi ndogo iitwayo Ubelgiji. Tarehe 3 Januari 1840, katika kijiji cha Tremelo, alizaliwa mtoto wa kiume. Wazazi wake walimwita Jozef. Jina la ukoo wao lilikuwa De Veuster. Walikuwa wakulima, na baba alifanya pia biashara ya nafaka. Jozef alikuwa mtoto wao wa saba.

Jozef hakukaa shuleni sana. Alipofika umri wa miaka 13 aliacha shule, akaenda kusaidia kazi za shamba. Alikua akawa kijana mwenye nguvu, tena mbishi kidogo. Ndugu msomaji, yakumbuke mambo hayo mawili, nguvu na ubishi, maana tutakutana nayo tena huko mbele.

Kaka yake mmoja alikuwa mtawa katika mji wa Leuven. Alijiunga na Shirika la Mioyo Mitakatifu ya Yesu na Maria, akaitwa Pamphile. Mwaka 1859 Jozef alimfuata, akachukua jina la Damien. Mwanzoni wakubwa wa shirika walimwona hafai kuwa padre kwa sababu hakujua Kilatini. Damien akaanza kujifunza kwa kaka yake. Alikuwa mtu mzima tayari, lakini hakuona haya kufundishwa. Baada ya muda alijua Kilatini cha kutosha, na wakubwa wakamruhusu kuendelea.

Mwaka 1863 Pamphile aliteuliwa kwenda kufanya kazi ya umisionari katika visiwa vya Hawaii. Kabla ya safari alishikwa na homa kali, akashindwa kuondoka. Damien alitaka kwenda badala yake. Hakupitia kwa mkuu wa nyumba yao. Aliandika barua moja kwa moja Paris, kwa mkuu wa shirika lote. Mkuu wa nyumba hakufurahi hata kidogo, lakini jibu lilikuja kwamba aende.

Visiwa vya Hawaii viko katikati ya Bahari ya Pasifiki. Siku hizi ni jimbo la Marekani, lakini wakati ule vilikuwa ufalme wenye mfalme wake. Damien alisafiri kwa meli ya matanga zaidi ya miezi minne. Alifika Honolulu tarehe 19 Machi 1864, na mwezi wa Mei mwaka huo huo akapewa upadre. Kwa miaka tisa hivi alifanya kazi katika kisiwa kikubwa cha Hawaii. Alijifunza lugha ya wenyeji. Alipanda milima kwa miguu na kwa farasi, na kila alipokosa kanisa alilijenga kwa mikono yake.

Meli za wageni zilikuwa zimeleta magonjwa mengi katika visiwa hivyo. Wenyeji hawakuwa na kinga ya magonjwa hayo, na walikufa kwa wingi. Ugonjwa mmojawapo ulikuwa ukoma. Wakati huo hakuna aliyejua dawa ya ukoma, wala hakuna aliyejua hakika unaambukizwa namna gani. Serikali ya mfalme iliogopa. Mwaka 1865 ilitunga sheria kwamba kila mwenye ukoma atengwe. Januari 1866 wagonjwa wa kwanza walishushwa katika kisiwa cha Molokai, mahali panapoitwa Kalawao.

Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu hapatoroki mtu. Ni kipande cha nchi kilichoingia baharini. Pande tatu ni bahari yenye mawimbi makali. Upande wa nne ni majabali yaliyosimama wima kama ukuta, na kimo chake kinafika mamia ya mita. Serikali ilifikiri kwamba wagonjwa watalima na kujitegemea wenyewe. Lakini mtu aliyeishiwa nguvu, mwenye vidonda vya mikono na miguu, atalimaje? Chakula kilipungua. Wengi walikaa katika vibanda vya nyasi na majani. Wenye nguvu kidogo waliwanyang'anya wasio na nguvu.

Wenyeji wa Hawaii waliuita ukoma ugonjwa unaotenganisha jamaa, nao hawakukosea. Mume alichukuliwa, mke akabaki. Mtoto alichukuliwa, mama akabaki ufukweni analia. Lakini wapo waliokataa kutengana. Waume, wake na wazazi wengine, wazima kabisa, waliomba ruhusa wakaenda Molokai pamoja na wagonjwa wao ili wawatunze. Watu hao majina yao hayatajwi sana vitabuni, lakini walifika kabla ya padre yeyote. Tena mwaka 1866 wagonjwa wenyewe walianzisha kanisa lao la Kiprotestanti hapo hapo Kalawao. Kwa hiyo tusidhani kwamba Damien alikuta watu wasio na utu.

Wagonjwa Wakatoliki waliomba wapelekewe padre. Mwezi wa Mei 1873 Askofu Maigret alizungumza jambo hilo na mapadre wake. Hakutaka kumlazimisha mtu, kwa sababu aliona ni sawa na kumpeleka mtu kaburini. Mapadre wanne walijitolea. Wakakubaliana wapokezane, kila mmoja akae miezi michache. Damien alikuwa wa kwanza. Alishuka Molokai tarehe 10 Mei 1873, akiwa na umri wa miaka 33. Hakuwa na nyumba, akalala chini ya mti wa mkadi.

Zamu yake haikwisha. Baada ya siku chache tu aliandika barua kuomba abaki, na wakubwa wake wakakubali. Baadaye mwaka huo alimwandikia kaka yake kwamba anapohubiri hawaiti watu ndugu zangu. Husema sisi wakoma. Wakati huo alikuwa bado mzima.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Harufu ya vidonda ilimchafua moyo, na mara nyingine ilibidi atoke nje ya kibanda apumue. Akaanza kuvuta kiko ili moshi ufunike harufu. Lakini hakukaa mbali na watu. Aliwaosha vidonda na kuvifunga. Alikula nao chungu kimoja. Waliotaka kuvuta kiko chake aliwapa.

Kisha akaanza kazi ya mikono. Maji yalikuwa mbali, na watu wasio na vidole walishindwa kuyabeba. Damien alidai mabomba kwa serikali. Mabomba yalipofika kwa meli, aliyatandika pamoja na wagonjwa wenye nguvu mpaka maji yakafika karibu na nyumba zao. Upepo mkali ulipoangusha vibanda, alidai mbao. Zilipokuja, alishika msumeno na nyundo, akajenga nyumba zilizoinuliwa juu kidogo ili unyevu usiingie. Alilikuza kanisa dogo alilolikuta. Alijenga nyumba za yatima, wavulana kwao na wasichana kwao. Aliwafundisha watu kulima bustani. Vijana walipiga muziki na kuimba kwaya, na wageni waliofika walishangaa kusikia nyimbo nzuri mahali kama pale.

Tena alichonga majeneza. Kabla yake maiti nyingi zilizikwa bila jeneza, katika makaburi yasiyo na kina. Watu walikufa karibu kila siku. Damien alichonga majeneza kwa mamia na kuchimba makaburi mengi yeye mwenyewe. Alijenga na ua kuzunguka makaburi. Kwetu sisi, ambao mazishi ni kazi ya kijiji kizima, ni rahisi kufahamu kwa nini watu wale walimpenda. Mgonjwa alijua kwamba hata akifa atazikwa kama mtu.

Sheria ilimbana yeye pia. Mwanzoni serikali ilikataza asitoke Molokai. Siku moja mkuu wake alipita hapo kwa meli, lakini nahodha hakumruhusu kushuka. Damien alitaka kuungama dhambi zake. Akaenda kwa mtumbwi mpaka ubavuni mwa meli, akaungama kwa sauti kubwa huku watu wanasikia.

Je, alikuwa mtu mpole? Hapana. Alikuwa na hasira za haraka. Aliandika barua nyingi za kudai mbao, dawa, nguo na fedha, mpaka maofisa wa afya wakachoka naye. Wakubwa wake wa dini walimwona ni mtu wa kujisifu na asiyeshaurika. Padre mwenzake akiletwa kumsaidia, mara nyingi waligombana. Mimi nadhani mtu mpole angekaa pale miezi yake mitatu, akaondoka, na watu wangebaki bila maji. Lakini ni kweli pia kwamba upweke wake mwingine aliutafuta mwenyewe.

Mwezi wa Desemba 1884, Damien alirudi nyumbani amechoka, akataka kukanda miguu kwa maji ya moto. Maji yalikuwa ya moto sana. Alitia mguu, na ngozi ikababuka malengelenge, lakini hakusikia maumivu. Akafahamu hapo hapo. Mwaka uliofuata daktari alithibitisha kwamba ana ukoma.

Hapa nieleze kidogo. Ukoma haukati vidole. Vijidudu vya ukoma huharibu mishipa ya fahamu, na sehemu hiyo ya mwili hufa ganzi. Mtu hukanyaga msumari au hushika sufuria ya moto bila kujua. Jeraha huoza, na vidole huharibika. Kwa hiyo baka kwenye ngozi lililokufa ganzi lisifichwe. Mwaka ule ule wa 1873, Damien alipokuwa anashuka Molokai, daktari Hansen wa nchi ya Norway aliviona vijidudu hivyo kwa hadubini. Lakini dawa ilichelewa sana. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani linashauri kutumia dawa za mseto. Mgonjwa humeza dawa hizo kwa miezi 6 au 12, akapona. Haziuzwi, hutolewa bure. Tena mtu akianza dawa, baada ya muda mfupi haambukizi mwingine.

Nalisema hili kwa sababu katika darasa moja la kisomo nililolitembelea, mzee mmoja alikuwa akikaa nje ya mlango na kusoma ubao kwa mbali. Alikuwa amekwisha kupona miaka mingi, vidole vyake tu ndivyo vilivyopungua. Hakuna aliyemfukuza. Ila hakuna pia aliyesogea kumpa nafasi kwenye benchi.

Turudi kwa Damien. Habari za ugonjwa wake zilienea duniani. Huko London padre mmoja wa Kianglikana, Hugh Chapman, alichangisha fedha akamtumia, ingawa madhehebu yao yalikuwa mbalimbali. Wasaidizi nao walikuja. Mwaka 1886 alifika Joseph Dutton, mtu aliyekuwa askari huko Marekani. Alikaa Molokai zaidi ya miaka 40. Mwaka 1888 alifika Mama Marianne Cope pamoja na masista wa Mtakatifu Fransisko. Mama huyu alishika sana usafi na kunawa mikono. Alitunza wagonjwa hapo mpaka alipofariki mwaka 1918, na hakuambukizwa.

Damien aliendelea kujenga huku uso umevimba na mikono ina vidonda. Mwezi wa Machi 1889 alishindwa kuinuka. Alifariki tarehe 15 Aprili 1889, akiwa na umri wa miaka 49. Wagonjwa walimzika chini ya mti wa mkadi ule ule aliolala siku za kwanza.

Maneno mabaya hayakukosekana. Mchungaji mmoja wa Honolulu aliandika kwamba Damien alikuwa mchafu, na kwamba ukoma aliupata kwa uzinzi. Mwandishi maarufu Robert Louis Stevenson, ambaye hakuwa Mkatoliki, alikuwa amefika Molokai wiki chache baada ya mazishi. Alikuwa amewauliza wagonjwa wenyewe, hata wale wasiompenda Damien. Mwaka 1890 alimjibu mchungaji huyo kwa barua ndefu iliyochapishwa. Hakuficha kasoro za Damien. Lakini alimkumbusha mchungaji kwamba wakati Damien anafunga vidonda, yeye alikuwa amekaa katika nyumba nzuri mjini.

Sheria ya kutenga wagonjwa katika Hawaii ilifutwa mwaka 1969. Kwa miaka yote hiyo watu wapatao 8,000 walikuwa wamepelekwa Molokai. Walipofunguliwa, baadhi yao hawakutaka kuondoka, kwa sababu makaburi ya watu wao yalikuwa pale.

Mwaka 1936 serikali ya Ubelgiji iliomba mwili wa Damien, ukachukuliwa kwa meli na kuzikwa Leuven. Watu wa Molokai walihuzunika, maana hawakutaka aondoke. Mwaka 1995 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri, na mwaka 2009 Papa Benedikto wa Kumi na Sita akamtangaza Mtakatifu. Mwaka huo wa 1995 watu wa Hawaii walirudishiwa mkono wake wa kulia. Waliupeleka Kalawao, wakauzika katika kaburi lake la zamani, karibu na kanisa alilolikuza.