Johann Meigen, mwalimu wa shule aliyempa jina mbu wa malaria na kanzi ka ndizi mbivu

Wale vinzi vidogo vyenye macho mekundu wanaozunguka ndizi zilizoiva sana, au mtungi wa kasiksi uliosahauliwa bila kifuniko, wanajulikana duniani kote kwa jina la Drosophila melanogaster. Jina hilo la pili, lenye maana ya tumbo jeusi, lilitolewa mwaka wa 1830 na Mjerumani mmoja, Johann Wilhelm Meigen. Hakuwa profesa. Alikuwa mwalimu wa shule katika mji mdogo wa Stolberg, karibu na Aachen, na mshahara wake haukutosha mahitaji ya nyumba.

Meigen alizaliwa tarehe 3 Mei 1764 mjini Solingen, magharibi mwa Ujerumani ya leo. Alikuwa mtoto wa tano kati ya watoto wanane. Wazazi wake walikuwa na duka dogo: hawakuwa maskini wa kupindukia, lakini hawakuwa na uwezo wa kumpeleka chuo kikuu. Alijifunza kusoma na kuandika katika shule ya mji. Hesabu alifundishwa na mpima ardhi aliyepanga nyumbani kwao. Kinanda na Kifaransa alivipata kwa rafiki wa baba yake, mpiga kinanda wa kanisa. Elimu hiyo ya kuokotaokota ndiyo iliyomlisha maisha yake yote.

Alipokuwa kijana alifanya kazi ya kufundisha watoto wa familia moja huko Aachen. Hapo alikutana na Mathias Baumhauer, mtu aliyekusanya vipepeo kwa wingi. Wakusanyaji wa wakati ule walipenda vipepeo na wadudu wengine wenye rangi za kupendeza. Nzi na mbu hawakuwa na watu wengi wa kuwashughulikia. Meigen akachagua hao.

Kuanzia mwaka wa 1796 alikaa Stolberg, akifundisha Kifaransa na masomo mengine, pamoja na kinanda. Mchana alikuwa darasani, na saa zilizobaki alikuwa na wadudu wake na lenzi ya mkononi.

Siri iko kwenye mabawa

Tatizo alilokutana nalo lilikuwa hili: nzi wawili wanaweza kufanana kabisa kwa macho ya kawaida, kumbe ni aina mbili tofauti. Mtaalamu mkubwa wa wadudu wa wakati huo, Johan Christian Fabricius, aliwapanga wadudu kwa kufuata sehemu za kinywa. Kwa nzi mwenye urefu wa milimita 2 au 3, kazi hiyo ni ngumu mno: kinywa ni kidogo, na mdudu akikauka kinajikunja.

Meigen aliona kwamba mishipa ya bawa inachora ramani ambayo haifichiki. Kila kundi lina mistari yake: wapi inagawanyika, wapi inakutana, wapi inaishia. Akaongeza umbo la vipapasio vya kichwani, kisha akatumia alama nyingi pamoja badala ya kutegemea moja tu. Hata leo, mwanafunzi anayejifunza kutambua mbu au nzi chini ya hadubini huanza kwa kutazama bawa.

Mwaka wa 1800 alichapisha kijitabu huko Paris chenye mpangilio wake mpya, lakini ndani yake hakutaja aina ya mdudu hata moja kwa jina, na kijitabu kikasahaulika. Mwaka wa 1908 kilipofufuliwa, wataalamu waligombana zaidi ya miaka 50 kuhusu majina yaliyomo, mpaka tume ya kimataifa ya majina ya wanyama ilipoyafuta mwaka wa 1963.

Kazi yake kubwa ilikuja baadaye: vitabu saba juu ya nzi na mbu wa Ulaya, vilivyotoka kati ya 1818 na 1838. Picha alizichora mwenyewe. Kwa jumla, aina karibu 3,000 zilipata maelezo kwa kalamu yake.

Majina yaliyofika mpaka Kongo

Katika kitabu cha kwanza, cha mwaka wa 1818, aliunda kundi la mbu akaliita Anopheles, neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kisicho na faida. Hakuwa na namna ya kujua madhara yake. Ilibidi kungoja hadi 1897, ndipo daktari Ronald Ross, akiwa India, alipokuta kijidudu cha malaria ndani ya mbu wa kundi hilo. Mbu wanaoeneza malaria Kongo, kama Anopheles gambiae na Anopheles funestus, wanabeba jina la kundi lililotolewa na mwalimu wa Stolberg.

Rafiki yake Christian Wiedemann, daktari na profesa huko Kiel, alishughulikia nzi wa nje ya Ulaya. Mwaka uleule wa 1830 Wiedemann aliandika juu ya nzi mmoja wa Afrika na kuliita kundi lake Glossina. Huyo ndiye mbung'o, au tsetse. Mwaka wa 1903 David Bruce, akifanya kazi Uganda, alionyesha kwamba ndiye anayeeneza ugonjwa wa malale.

Meigen naye aliacha makosa. Mbu aliyemwita Anopheles maculipennis, wa Ulaya, baadaye alionekana kuwa ni aina kadhaa zinazofanana. Mwaka wa 1926 Mwitalia Domenico Falleroni alizitofautisha kwa michoro iliyo juu ya mayai yao. Ndipo ilipoanza kueleweka kwa nini sehemu nyingine za Ulaya zilikuwa na mbu hao wengi bila kuwa na malaria: baadhi ya aina hazikuieneza.

Uzeeni, Meigen aliuza mkusanyo wake wa wadudu kwa makumbusho ya Paris. Chuo Kikuu cha Bonn kilimpa heshima ya udaktari akiwa karibu na kaburi. Alifariki Stolberg tarehe 11 Julai 1845, akiwa na miaka 81.

Kanzi ka tumbo jeusi kaliendelea na safari. Thomas Hunt Morgan alikatumia Marekani kuonyesha jinsi urithi unavyobebwa ndani ya chembe za mwili, akapata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1933. Tuzo nyingine zilifuata, mojawapo ya mwaka wa 2017 kuhusu saa ya ndani ya mwili. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha pia kwamba asili ya mdudu huyo ni Afrika, upande wa kusini ya kati, kwenye nchi kama Zambia na Zimbabwe. Yule aliyeelezwa na Meigen kama nzi wa Ulaya alikuwa amefika huko akimfuata binadamu na matunda yake.