Haldane na Vumbi la Cornwall

Wengi tukisikia jina la John Scott Haldane tunakumbuka ndege wa migodini. Ni kweli, daktari huyu Mskoti, mzaliwa wa Edinburgh mwaka 1860, ndiye aliyeshauri panya na ndege wadogo washushwe mgodini ili gesi ya kaboni monoksaidi iwalegeze wao kabla ya binadamu. Hakuwa mwoga: gesi hiyohiyo aliivuta mwenyewe ili aone inavyomfanya.

Lakini kuna kazi yake isiyosimuliwa sana. Mwanzoni mwa karne ya 20 wachimbaji wa bati wa Cornwall, Uingereza, walikuwa wanakufa vijana, hasa waendesha mashine za kutoboa mwamba. Baadhi yao walikuwa wamerudi kutoka migodi ya dhahabu ya Transvaal wakiwa hawana pumzi. Haldane na wenzake wawili wakachunguza, na ripoti yao ya 1904 ikasema wazi: tatizo ni vumbi la mawe. Dawa ni maji, vumbi lilowe kabla halijapaa.

Kinachoua alikijua. Kinavyoua kilieleweka baadaye sana. Vumbi hilo lina silika, yaani silikoni na oksijeni. Chembe zake ndogo kabisa hufika mpaka kwenye vifuko vya hewa, na huko seli za ulinzi huzimeza. Sasa balaa linaanza. Silika iliyotoka kuvunjwa ina vifungo vya kikemia vilivyokatika. Ikikutana na maji ya mwilini huzalisha radikali huru. Utando wa kifuko ilimofungiwa ndani ya seli hupasuka, vimeng'enya humwagika, seli inakufa. Chembe hutoka nzima, ikamezwa na seli nyingine, mambo ni yaleyale. Mwili hujibu kwa kutengeneza kolajeni, pafu linajaa makovu, na kovu halivuti hewa.

Ila kuhusu makaa ya mawe Haldane alikosea. Kwa miaka mingi alishikilia kwamba vumbi lake halina madhara makubwa, na kwa uzito wa jina lake wengi wakamfuata. Alifariki 1936. Mwaka 1943 ndipo Uingereza ikaweka mpango wa fidia kwa wachimbaji wa makaa walioharibika mapafu.

Kwa hiyo, msomi mwenzangu, ukiweka jina kubwa kwenye tasnifu yako, usiishie kwenye jina. Uliza alipima nini, na kina nani hawakupimwa.