Mtakatifu John Henry Newman: Mwanafunzi Aliyejikwaa Kwenye Mtihani

Mitihani inapokaribia, taa za bwenini kwetu huchelewa kuzimwa. Kila mmoja wetu anatamani alama za juu, na wengine tunadhani anayelala kidogo ndiye atakayefaulu zaidi. Ndiyo maana tumeona vema tumtazame Mtakatifu John Henry Newman alipokuwa kijana wa chuo kikuu.

Newman alizaliwa London tarehe 21 Februari 1801, katika familia ya Kianglikana. Mwaka 1817, akiwa na miaka 16, alianza masomo katika Chuo cha Trinity, kimojawapo cha vyuo vinavyounda Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka uliofuata alishinda ufadhili wa masomo. Nyumbani mambo yalikuwa magumu, kwa kuwa benki ya baba yake ilikuwa imeanguka. Hivyo familia na walimu walimtazamia makubwa.

Alijitesa kwa kusoma. Kabla ya mtihani wa mwisho wa mwaka 1820 alikaa na vitabu kwa saa 12 kwa siku, na hata zaidi. Aliitwa kufanya mtihani mapema kuliko alivyotarajia, na akili iliyochoka ikagoma. Shahada aliipata, lakini katika hisabati jina lake halikuonekana kabisa kati ya waliofaulu kwa heshima, na katika Kigiriki na Kilatini lilikuwa chini.

Newman aliumia, ila hakukimbia. Alibaki Oxford, akawa anafundisha wanafunzi wachache ili apate riziki. Mwaka 1822 akathubutu kushindania nafasi ya uanazuoni katika Chuo cha Oriel, kilichosifika kuliko vyote kwa wasomi wake. Katikati ya mtihani huo alizidiwa tena, akataka kujitoa. Mwalimu wake wa Trinity alimwita, akamkaribisha chakula na kumtia moyo. Akarudi kumalizia. Tarehe 12 Aprili alichaguliwa.

Aliyekuwa amejikwaa hakusahau. Alipopewa wanafunzi wa kuwalea pale Oriel mwaka 1826, aliona ualimu kuwa ni uchungaji: kumjali kijana mwenyewe pamoja na alama zake. Mwaka 1845 alipokelewa katika Kanisa Katoliki, baadaye akaongoza Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Dublin. Alifanywa Kardinali mwaka 1879, akafariki tarehe 11 Agosti 1890. Alitangazwa Mtakatifu mwaka 2019, na mwaka 2025 Baba Mtakatifu Leo XIV akamtangaza Mwalimu wa Kanisa.

Sisi tunaosoma falsafa tunajifunza kwake kwamba bidii ni wajibu, lakini mwili nao una haki yake ya kupumzika. Tunajifunza pia kwamba matokeo mabaya hayafuti wito. Basi, tukimwona mwenzetu amekata tamaa katikati ya mtihani, tumwite mezani. Huenda anahitaji sahani ya chakula na neno moja jema.

Mtakatifu John Henry Newman, utuombee.